Waya wa Kijani Ndani ya Priampu ya Butiama

Nyie mafundi mliobaki kwenye karakana yetu pale Musoma mmeniomba niandike kumbukumbu za kazi, na mmesisitiza niandike vitu vya kuwasaidia. Sawa. Ya vyeo sina la kusema, maana karakana yetu haikuwahi kuwa na cheo zaidi ya fundi na fundi mkubwa. Nitaandika juu ya woga. Kazi hii nimeifanya miaka thelathini na mitatu nikiwa naogopa, na woga huo kwa sehemu kubwa haukuwa wa umeme. Nilikuwa naogopa kuja kuambiwa kwamba kuna mtu amekufa kwa kazi ya mkono wangu.

Mmeniuliza pia kwa nini mstaafu mzima, badala ya kukaa nyumbani Buhare nikapalilia mihogo yangu, nazunguka na bisibisi nikibisha hodi kwa watu wenye redio kubwa. Wengine wanasema nimechanganyikiwa. Someni, mtajua nimechanganyikiwa kiasi gani.

Siku ya kwanza niliingia karakana nimevaa viatu vya wazi. Mzee Seif, mwenye karakana na mwalimu wangu, aliniangalia miguu kabla hajaniangalia uso. Babu yake alikuja kutoka ng'ambo na duka la nguo, bibi yake alikuwa Mjita kama mimi, kwa hiyo alikuwa anaweza kunigombeza kwa Kiswahili na kwa Kijita siku hiyo hiyo. Alinirudisha nyumbani nikavae raba. Niliporudi akagundua sketi yangu haina mfuko, akanipeleka kwa fundi cherehani wa jirani anishonee mmoja mkubwa upande wa kulia. Mimi natumia mkono wa kushoto.

"Ukipima kitu chenye umeme," akaniambia, "mkono mmoja unafanya kazi, mwingine unakaa mfukoni. Umeme ukiingia mkono huu ukatokea mkono ule, umepita kwenye moyo. Umenielewa, Nyafuru?"

"Nimekuelewa, mzee."

"Haya, leo hugusi kitu. Kaa hapo usikilize ile redio."

Nikakaa tangu asubuhi mpaka karibu na saa kumi jioni. Akaja akaniuliza nimesikia nini. Nikamwambia nimesikia taarifa ya habari, matangazo ya vifo na kipindi cha kilimo. Akatikisa kichwa. Akazungusha nobu ya sauti mpaka chini kabisa, akanivuta sikio mpaka kwenye spika. Ndani kulikuwa na kitu kinasema mmmmm, chini chini, hakipumui. Akasema huo ndio mvumo, na kwamba maisha yangu yote yatakuwa ya kuukimbiza huo. Hakukosea.

Mvumo ndio ugonjwa uliotulisha. Makanisa yalileta mvumo, misikiti ilileta mvumo, baa za Bunda zilileta mvumo uliochanganyika na bia. Wavuvi wa kisiwa cha Rukuba walileta redio zilizojaa magamba ya dagaa, na hata ndani ya magamba mvumo ulikuwemo. Mzee Seif alikuwa na subira nao. Angeweza kukaa siku nzima anafuata waya mmoja mmoja, anainuka kuswali, anarudi, anaendelea pale pale alipoachia. Mimi sikuwa na subira. Niliona aibu mteja akisimama pembeni anatazama saa.

Sasa nije Butiama.

Nilikuwa na miaka mitatu kazini wakati Mzee Magesa alipotuita nyumbani kwake. Huyu alikuwa mpishi wa meli za nje, miaka mingi amepikia mabaharia wa kila taifa, na alikuwa amerudi kijijini na masanduku mawili. Moja lilikuwa na visu vya jikoni. La pili lilikuwa na priampu. Kwa asiye fundi niseme tu kwamba priampu ni lile boksi linalokaa kati ya redio au kaseti na amplifaya kubwa. Lenyewe halisukumi spika. Linachagua kipi kisikike, linapandisha na kushusha sauti. Boksi hilo likiwa chafu, kila kinachofuata kitakuwa kichafu. Na hili la Mzee Magesa lilikuwa la daraja ambalo mimi na Mzee Seif tulikuwa tumeliona kwenye vitabu vya mafundi tu. Uso wake ulikuwa bamba la alumini nene kama kidole changu. Mzee Seif alipoliona alivua kofia.

Lakini lilikuwa linavuma. Mzee Magesa alikuwa karibu kulia. "Nimelala njaa kwenye meli niipate hii," alisema, mpishi mzima. Mke wake, Mama Wakuru, alikuwa amesimama mlangoni na kitoto chao Wakuru mgongoni, anatuangalia.

Mzee Seif akasikiliza, akasema mvumo huu unatokana na ethi. Waya wa ethi ndio ule wa kijani, unaotoka kwenye plagi, unafungwa kwenye bodi la chuma la mashine, na kazi yake ni kupeleka ardhini umeme wowote unaovuja, usimkute mtu. Priampu ilikuwa na ethi yake, amplifaya kubwa nayo ilikuwa na yake, zikafanya duara, na duara lile ndilo lililovuma. Muda wa swala ulikuwa umefika. Akaniambia, "Nyafuru, ifungue ethi ya priampu kwa muda tu, tuhakikishe ni yenyewe. Ukishasikia, irudishe. Nikirudi tutatafuta njia ya haki."

Nikafungua skrubu, nikautoa waya wa kijani, nikauviringishia utepe mweusi ili usiguse kitu. Tukawasha. Mvumo ukafa pale pale. Sijawahi kusikia kimya cha namna ile, na Mzee Magesa pia hakuwa amewahi. Alipiga kelele akanishika mikono, akaita majirani waje wasikilize mashine isiyosema kitu. Mama Wakuru akaleta ugali na sato. Kila mtu alikuwa ananitazama mimi, msichana wa miaka ishirini na miwili. Ningerudisha waya ule, mvumo ungerudi mbele ya watu wote hao.

Nikafunga kifuniko.

Mzee Seif alirudi, akasikiliza, akainua nyusi. "Umerudisha ethi?"

"Nimerudisha, mzee. Kumbe nati ilikuwa imelegea tu."

Alinisifu njia nzima mpaka Musoma. Kuanzia siku ile sifa ikatangulia kila nilikokwenda, wakaanza kuniita Fundi wa Kimya. Nami nikajua dawa yangu. Nikikuta mashine inavuma na mwalimu wangu hayupo, natoa waya wa kijani, naviringisha utepe, nafunga. Nilifanya hivyo kwa miaka saba hivi. Mzee Seif alifariki akiwa bado anawaambia watu kwamba msichana wake ana mkono wa baraka.

Msidhani sikujua hatari yake. Mwanzoni nilijua nusu. Kisha nikapelekwa kozi ya wiki mbili Mwanza, na mkufunzi akachora ubaoni. Alionyesha kwamba mashine za gharama zina kapasita mbili ndogo mlangoni mwa umeme, za kusafisha umeme unaoingia. Hizo zinavujisha umeme kidogo kwenye bodi la chuma. Ethi ikiwepo, uvujaji unaingia ardhini na hakuna anayejua. Isipokuwepo, unabaki kwenye bodi unasubiri mtu. Siku kapasita moja ikizeeka na kupasuka, kinachomsubiri mtu si kidogo tena, ni umeme mzima wa ukutani. Akafuta ubao, akasema twende chai. Mimi nilibaki kitini nikianza kuhesabu nyumba.

Nilirudi Musoma, na kuanzia hapo sikutoa tena ethi ya mtu. Lakini nilizozitoa nyuma sikuzirudia. Ningesema nini? Kwamba Fundi wa Kimya alikuwa tapeli? Nikawa nikisikia kuna msiba, swali langu la kwanza ni moja: alikuwa wapi, ameshika nini? Watu walidhani ni umbea. Nikiambiwa malaria, nikiambiwa ajali ya pikipiki, nilikuwa nashusha pumzi, Mungu anisamehe, msibani kabisa nashusha pumzi. Mume wangu alishazoea kuniona naamka alfajiri nakaa kitandani nahesabu nyumba kwa vidole, hizo hizo ninazobisha hodi leo.

Ndiyo hali niliyokuwa nayo wiki ile ya mwisho kazini, simu ilipolia.

"Fundi, ni mimi Magesa wa Butiama. Mpishi wa meli."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyenipa kimya. Sasa njoo unipe barua." Akaeleza kwamba amezeeka, masikio yamechoka, na priampu anampa binti yake Wakuru anayeishi Bunda. Jumamosi anakuja kuichukua. Anataka fundi aikague muundo na sauti, kisha aandike barua, ili binti ajue amepewa kitu gani. "Nimesikia unastaafu. Nikasema kabla hajaondoka, atie mkono wake."

Nilikwenda Alhamisi. Ningeweza kwenda moja kwa moja, lakini nilipitia Kiabakari kupeleka redio ya mteja ambayo ingeweza kungoja hata mwezi mzima. Pale nikakunywa soda mbili bila kiu. Mpango wangu ulikuwa huu: nafungua mashine, naurudisha waya wa kijani kimya kimya, nafunga, naandika barua, naondoka. Hakuna atakayejua. Nilijisemea hivyo mpaka nikafika kwake.

Mzee Magesa alikuwa amekonda, lakini sauti ni ile ile ya kuamrisha masufuria. Nikauliza habari za nyumbani. "Mama Wakuru alitangulia," akasema. "Mwaka wa tatu sasa."

Swali langu la siku zote likaja. Alikuwa wapi? Ameshika nini? Nikasema pole, pole sana mzee, nikainamia mkoba wangu wa zana kama ninatafuta kitu.

"Kwanza sikiliza," akasema. "Ukague kwa masikio, halafu ndiyo ufungue tumbo."

Akaenda kwenye mashine amevaa kandambili. Nikaangalia zile kandambili za mpira, nikaangalia kapeti chini yake, nikamshukuru aliyeviuza vyote viwili. Akawasha. Akaweka kanda ya litungu, ala ya nyuzi ya kwetu, aliyomrekodia mwenyewe mpigaji mmoja wa kijiji cha jirani, miaka hiyo, sebuleni humo humo.

Nitawaambia ukweli, kwa kuwa ndiyo kazi yetu. Sijasikia kitu kama kile kabla wala baada. Kila uzi wa litungu ulisimama mahali pake, mnene kushoto, mwembamba kulia, na katikati alikuwa mtu. Nilisikia kucha yake ikikwaruza kabla ya uzi kulia. Nilisikia kiti chake cha miguu mitatu kikilalamika alipojigeuza. Alipoacha kupiga ili avute pumzi, kulikuwa na kimya, na ndani ya kimya kile hapakuwa na hata chembe ya mvumo. Mzee Magesa alifumba macho.

"Unaona? Imeiva," akasema. "Haina maji maji, haina moshi."

Kile kimya alichokuwa anakifurahia nilijua kimetengenezwa na nini.

Nikatoa tesita, ile bisibisi ndogo yenye taa ndani, nikaweka mkono wa kulia mfukoni, nikaigusisha kwenye skrubu ya uso wa mashine. Ikawaka nyekundu. Na mkono wa Mzee Magesa ulikuwa umekaa juu ya mashine hiyo hiyo, anaipapasa.

"Mzee, toa mkono."

"Kwa nini? Ah, ile." Akacheka. "Ina mtekenyo wake. Ukiwa peku, au mkono una maji, inakutekenya. Vitu vya daraja hili ndivyo vilivyo, vina nguvu ndani. Wageni wakija nawaambia, gusa uone, hiyo siyo redio ya mbao."

Miaka yote alikuwa anawaalika watu waguse. Nilitaka kukimbia, nasema kweli.

"Kwa Wakuru sakafu ikoje?" nikauliza.

"Saruji. Binti yangu msafi, anapiga deki asubuhi na jioni. Watoto wanateleza humo na soksi zimelowa."

Nikachomoa plagi ukutani mwenyewe, nikaiweka mezani ninapoiona. Nikamwomba chai. Alipoingia jikoni nikafungua kifuniko.

Muundo wa ndani niueleze, kwa sababu hamtaona mwingine kirahisi. Transfoma mbili, moja ya kushoto na moja ya kulia, kila moja imefungiwa kwenye chumba chake cha chuma ili zisisemeshane. Nobu ya sauti haikuwa ile ya kusugua tunayoizoea, ilikuwa ya hatua, kila hatua na rizista zake, vile vidude vya kubana umeme, zimepangwa mduara kwa usawa ambao unaona aibu kuugusa. Risasi ya kulehemu kwenye kila kiungo ilikuwa bado inang'aa baada ya miaka yote hiyo. Aliyeitengeneza hakuwa na haraka. Na kwenye kona, karibu na mlango wa umeme, kulikuwa na kazi ya mtu mwenye haraka: waya wa kijani umening'inia, utepe mweusi umeyeyuka umekuwa gundi. Niliushika, ukaacha weusi kwenye vidole vyangu.

Nikausafisha. Nikabana jicho jipya la shaba kwenye ncha, nikakwangua rangi pale kwenye bodi ili chuma kishike chuma, nikafunga skrubu na nati na washa ya meno, ile pete ya kuzuia nati isilegee. Nikazitoa zile kapasita mbili za mlangoni nikaweka mpya za aina inayotakiwa, nilizokuwa nimekuja nazo. Nikatoka nje haraka nikaona fimbo ya ethi ya nyumba bado ipo ardhini, haijaibwa. Nikaimwagia ndoo ya maji maana udongo ulikuwa mkavu. Nikarudisha plagi ukutani swichi ikiwa imezimwa, nikapima kwa mita, kutoka kwenye fimbo mpaka kwenye uso wa mashine: njia nzuri kabisa. Nikafunga kifuniko. Nilipowasha, tesita haikuwaka. Nikashusha pumzi ya miaka thelathini.

Mzee Magesa akaingia na chai. Akasimama.

"Ni nini hicho?"

Mmmmm. Kwenye spika zote mbili. Kwa woga wangu nilikuwa nimesahau kitu ambacho Mzee Seif alinifundisha sebuleni humo humo. Ethi imerudi, na duara limerudi, na mvumo umerudi nalo.

"Fundi, umeiharibu mashine yangu."

"Subiri, mzee." Nikaziunganisha priampu na amplifaya kwenye soketi moja ya ukuta. Mvumo ukapungua. Nikatenganisha ethi ya sauti na ethi ya bodi kwa rizista ndogo, ile njia ya haki ambayo Mzee Seif alitaka tuitafute siku ile. Ukapungua tena. Lakini kulibaki kidogo, na masikio ya Mzee Magesa hayakuwa yamechoka kama alivyodai.

"Haikuwaga hivi," akasema. "Iliingia mikononi mwako ikiwa nzima. Rudisha ilivyokuwa."

Hapo ndipo mpango wangu ulipokwisha. Ningeweza kurudisha ilivyokuwa. Ilikuwa skrubu moja tu. Angenishukuru, angenipa chai, Wakuru angekuja Jumamosi, na mimi ningerudi Buhare nikaanze tena kuuliza kila msiba alikuwa ameshika nini.

"Siwezi, mzee," nikasema. "Ilivyokuwa inaua."

Nikamwambia yote, nimesimama, bisibisi mkononi. Waya wa kijani. Swala ya Mzee Seif. Majirani, sato, aibu yangu. Kwamba nilimdanganya mwalimu wangu mlangoni pake yeye Magesa. Kwamba kile anachokiita mtekenyo si nguvu ya mashine, ni umeme uliokosa njia, na ungeweza siku yoyote kuwa umeme mzima. Kwamba nilishajua hayo miaka mingi na sikurudi kwa sababu niliogopa. Sauti ilinikatika mara mbili lakini nilifika mwisho.

Mzee Magesa akaweka chai mezani taratibu, kila kikombe na kisahani chake.

Sikuweza kuvumilia tena. "Mzee, Mama Wakuru alikufa na nini?"

Aliniangalia, nikajua ameelewa kwa nini nauliza.

"Figo," akasema. "Miezi saba tunakwenda hospitali tunarudi. Alifia kwa Wakuru, Bunda, kitandani. Siyo wewe."

Nikakaa chini pale pale kwenye kapeti, nikalia mbele ya mteja, jambo ambalo sijawahi kulifanya na nawashauri msilifanye. Alinisubiri. Nilipomaliza nikaona amevua kandambili. Akazivuta pembeni kwa mguu, akatoka kwenye kapeti mpaka kwenye saruji tupu, akachovya vidole kwenye chai yake.

"Mzee, usifanye hivyo!"

Kazi nilikuwa nimeipima, mita ilisema salama, na bado roho iliniruka. Akaweka mkono mzima uliolowa juu ya uso wa mashine. Nikahesabu moja, mbili, tatu.

"Haitekenyi," akasema.

"Haitekenyi, mzee. Ndivyo ilivyotakiwa kuwa."

Hakuutoa mkono. Uso wake ulianza kubadilika, nikadhani anapigwa na umeme, nikarukia plagi. Akanizuia kwa mkono mwingine.

"Alikuwaga anasema inamuuma," akasema. "Mama Wakuru. Ile miaka ya mwanzo. Alikuwa anatoka kuosha vyombo, peku, anaigusa, analia. 'Baba Wakuru, hiki kitu chako kinaniuma.' Mimi nikamwambia hajazoea vitu vya gharama. Nilimcheka mbele ya wageni. Baadaye akaacha kusema. Akawa anaiwasha kwa kuishika na upindo wa kanga, halafu anakwenda kukaa jikoni, anasikilizia huko. Mpaka anakufa nilidhani hapendi muziki."

Mvumo mdogo ulikuwa unaendelea kwenye spika, akauacha. Baadaye akaniambia nitoe karatasi.

Nikaandika barua kwa Wakuru. Nikaandika muundo ni wa daraja la juu kuliko yote niliyowahi kufungua, sauti ni safi, kuna mvumo mdogo unaosikika ukiwa karibu, usiruhusu fundi yeyote akuondolee huo kwa kutoa waya wa kijani. Nikaandika nani aliutoa mara ya kwanza, na jina langu kamili. Nikampa asome. Akaisogeza mbali na macho, akaisoma yote, akanirudishia.

"Hujamaliza," akasema.

"Bado nini, mzee?"

"Andika hapo chini: mama yako alisema kweli."